Jasho la Ukuta

Kipande cha lipu kilichodondoka kutoka kwenye ukuta wa zidaka kilikuwa kikubwa kama sinia. Dada yangu alikuwa amekilaza juu ya mkeka na kukifunika kanga, na nilipofika kutoka Mombasa hakusema neno. Alifunua kanga, akaniacha nitazame, akaenda jikoni kuteleka chai. Njia nzima, ndani ya basi na kisha ndani ya boti kutoka Mokowe, nilikuwa nikijiandaa kujitetea. Lawama haikuja, na yale majibu yote nikabaki nayo mdomoni.

Nimeikumbuka asubuhi ile mara nyingi tangu hapo, na kila nikiikumbuka naona nimeielewa kwa namna nyingine kidogo. Huenda nikiandika hapa nitaielewa vizuri zaidi, na huenda mwakani nikayasoma haya nikayaona ni ya mtu aliyekuwa bado yuko mlangoni.

Nyumba yetu iko Mkomani, upande wa mji wa Lamu wenye majumba ya mawe, katika vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Ni ya namna ile iliyojengwa kwa wingi katika karne ya 18, siku za neema ya biashara ya baharini, na ni kwa sababu ya majumba kama hayo kwamba mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kwa nje haina makuu. Ni ukuta mtupu, mrefu, usio na dirisha la kuchungulia njiani, nao unene wake ni kama nusu mita. Mgeni hupita akashika njia yake asijue amepita wapi.

Ukiingia, huikuti nyumba mara moja. Kwanza ni daka, na mabaraza yake mawili ya mawe ambapo wanaume hukaa wakazungumza bila kumtaabisha aliye ndani. Kisha mlango, kisha tekani, kijipito chenye kona inayolizuia jicho la mpita njia. Kisha kiwanda, uwazi usio na paa, ambamo jua na mvua huingia bila hodi. Kutoka hapo nyumba huanza kupanda: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati, na kila sakafu imeinuka kidogo kuliko ile uliyotoka. Kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua na ubaridi unavyozidi. Chooni mna birika la maji, na katika sakafu ya birika limejengewa bakuli la kaure, ili maji yakikaribia kwisha vile visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu vibaki na pa kuogelea. Utotoni nilikuwa nikiinama pale nikavitazama hadi nikiitwa kwa ukali. Mtu fulani, miaka mingi kabla yetu, alijenga jumba zima la mawe na bado akafikiria samaki watafanya nini siku ya ukame.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Nilidhani ndivyo wazee walivyopenda, kumbe ni mkoko uliowapimia. Dari ni ya mawe na chokaa, inabebwa na boriti, na boriti yenye nguvu ya kubeba uzito huo haifiki mbali. Upana wa chumba ni mita mbili na nusu, haufiki tatu. Hata Husuni Kubwa kule Kilwa, kasri la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane, vyumba vyake vimefuata kipimo hichohicho. Sultani naye aliunyenyekea mti.

Lakini kitu ambacho kila aliyeingia kwetu alikisimamia kimya ni ukuta wa ndani. Umejaa zidaka, safu juu ya safu, kutoka kimo cha kifua hadi karibu na boriti, kila kimoja na tao lake dogo lililonakshiwa kwa lipu. Zamani ziliwekwa sahani na mabakuli ya Kichina. Wakati wa bibi zilikuwa zimebaki sahani tatu, misahafu, chupa za marashi na saa iliyokuwa imesimama. Jioni taa ilipowashwa, kila kidaka kilikuwa na kivuli chake, na ukuta ule uliokuwa karibu nasi ukaonekana uko mbali, kana kwamba chumba kimeongezwa urefu. Nyuma yake ndiko kuliko na nyumba ya kati, mahali pa kuzalia na mahali pa kuoshea maiti. Mama alizaliwa humo, na humo alioshwa.

Ni baada ya arobaini yake ndipo nilipoanza kuikarabati. Chini ya zidaka, kimo cha goti, kulikuwa na unyevu wa miaka. Chokaa ilikuwa ikipukutika, wanawake wa nyumba wakiifagia kila asubuhi kama wanavyofagia majani, na kabla ya Ramadhani wakipaka nyingine. Mimi, mwalimu niliyekaa Mombasa katika nyumba za matofali, niliuona unyevu ule kuwa aibu. Nilikuwa na akiba kidogo na huzuni nyingi, na vyote viwili nikavimalizia ukutani.

Nilimwita mzee mmoja mwashi, aliyekuwa ametengeneza majumba ya watu tangu ujana wake. Aliweka kiganja juu ya ukuta, akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akasema, "Ukuta huu hutoka jasho, mwanangu. Ukiuziba, jasho litakwenda wapi?" Alitaka tukwangue chokaa iliyochoka, tupake chokaa mpya, na tukubali kupaka tena baada ya miaka michache. Nikamjibu kwa adabu, "Ami, zama zimebadilika." Akaguna, akakusanya vitu vyake. Niliuchukulia ukimya wake kuwa kukubali. Sasa nadhani alinyamaza tu kwa kuwa hakuwa na haja ya kushindana na kijana aliyefiwa na mama yake. Ametangulia mbele ya haki, na sikupata kumwambia kwamba alisema kweli.

Fundi mwingine alipiga saruji ukuta mzima hadi kimo cha kifua. Ilikauka ikawa ngumu, nzuri, iliyonyooka kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. Tukaipaka rangi ya mafuta. Nikaipiga picha nikawaonyesha wenzangu shuleni. Niliporudi Mombasa nililala usingizi wa mtu aliyemtimizia mamake wajibu.

Mwaka wa pili dada alinipigia simu kwamba kuna unga mweupe umeota juu ya mpaka wa saruji. Nikamwambia aufute. Mwaka wa tatu ulikuwa umepanda zaidi. Aliuonja kwa ncha ya kidole, akaniambia ni chumvi. Nikamwambia apake rangi juu yake. Naandika haya polepole kwa kuwa bado yananiuma: alikuwa akinieleza jambo lile lile aliloniambia mwashi, na mara zote mbili nilikuwa na jibu tayari.

Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta wa mawe kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, nayo huja na chumvi. Ukuta wa chokaa huyaachia njia: yanatoka usoni mwake kidogo kidogo, yanakauka, chumvi inabaki juu juu na kupukutika na chokaa ile iliyopakwa kwa ajili ya kuchakaa. Huko kupukutika nilikokuonea aibu ndiko kulikokuwa kunauokoa ukuta. Nilipoyafungia kwa saruji, maji yalipanda yakitafuta pa kutokea, na mahali pa kwanza penye chokaa palikuwa ni kwenye zidaka. Nilikuwa nimeyachukua maradhi ya goti nikayapeleka usoni.

Niliyajua haya nikiwa nimechelewa, kwa kuwauliza watu niliopaswa kuanza nao. Kisiwa cha Lamu ni mchanga mtupu. Mawe ya kujengea yalitoka ng'ambo, kisiwa cha Manda, na hadi leo yanachimbwa huko Maweni. Kwa kazi za nakshi walitumia matumbawe ya baharini, yanayokatwa yakiwa na maji, laini, kisha yakipigwa na hewa yanashupaa. Chokaa ilitokana na mawe hayohayo: magogo yalipangwa duara, mawe yakapangwa juu yake, moto ukawashwa, na kilichobaki kikaachwa kinyeshewe. Nilimwona kijana mmoja, mwanafunzi wa mafundi wa zamani, akiichota chokaa iliyolala shimoni miezi mingi. Ilikuwa laini kama siagi. Aliniambia kwamba ikipakwa huvuta hewa ikarudi kuwa jiwe, na nikafikiri: jiwe lililochomwa, likalowa, likarudi kuwa jiwe, na mimi nilikuwa nikisomesha sayansi miaka yote hiyo bila kuwahi kuitazama nyumba niliyozaliwa kwa macho hayo.

Sijui kama naweza kuita hilo ujinga. Nilikuwa nikiipenda nyumba ile. Nilipenda kuisimulia. Lakini mapenzi yangu yalikuwa ya mtu anayetaka kitu kisibadilike, kikae vilevile nilivyokiacha, ili nikirudi likizo nikikute. Waliokaa ndani yake walikuwa wakiishi na kitu kinachopukutika kila siku, na mapenzi yao yalikuwa katika ufagio na brashi ya chokaa.

Tarehe 25 Desemba mwaka 2020 nilisoma kwenye simu kwamba sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, Unguja, imeporomoka. Jumba lile alilolijenga Sultan Barghash bin Said mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na roshani zinazotazama bahari, lilikuwa limesimama miaka 137, na lilianguka likiwa katika matengenezo. Watu wawili walikufa. Wengi niliozungumza nao siku ile walilia jumba, nami nililia nalo, kwa kuwa nilipata kupanda ngazi zake nikiwa kijana. Lakini usiku nikashindwa kulala kwa sababu nyingine. Nilikumbuka kwamba watoto wa dada yangu walikuwa wakilala ndani, chini ya zidaka, mahali nilipokuwa nikilala mimi. Kwa miaka yote niliyoufikiria ukuta ule, niliufikiria uzuri wake. Sikuwahi kumfikiria aliye chini yake.

Alfajiri nikampigia dada, nikamwambia awahamishe. Akasema, "Nimewahamisha tangu mwaka juzi."

Kipande kile kilianguka baada ya masika yaliyofuata, usiku, kwenye chumba kitupu.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo limekuwa gumu kwangu kuliko saruji. Nyumba ile si yangu, na haikupata kuwa yangu. Kwa desturi ya mji wetu, binti akiolewa hupewa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Familia ikikua, hujengwa orofa juu, au wikio, chumba kinachovuka kichochoro kama daraja, ili binti mwingine aishi hatua chache kutoka kwa mama yake. Bibi alipewa nyumba ile na baba yake. Bibi akampa mama, na mama, angali hai na ana akili zake timamu, akamwandikia dada. Nilikuwepo siku hiyo. Nilifurahi. Kisha nikaleta saruji bila kumuuliza mwenyewe kama anaitaka.

Nimejaribu kumuuliza kwa nini hakunikataza. Alisema tu, "Ulikuwa umefiwa." Hakuongeza kwamba naye alikuwa amefiwa. Kaka akitoa pesa zake kwa nia njema, tena machozi hayajamkauka, dada atapata wapi pa kukatalia? Nia njema yangu ilikuwa imemziba yeye vilevile, na sijui yale aliyoyanyamaza yametafuta wapi njia ya kutokea.

Siku ile ya kile kipande tulikaa chini mimi naye, tukakigeuza. Ukingoni, palipovunjika, tabaka za chokaa zilionekana moja juu ya nyingine, nyembamba kuliko karatasi, nyingine nyeupe, nyingine zina umanjano wa moshi wa taa. Nilizihesabu kwa ncha ya sindano hadi ishirini na saba, nikapotea. Kila moja ni mkono wa mwanamke wa nyumba ile, mwaka fulani, kabla ya Ramadhani fulani. Ya juu kabisa ilikuwa rangi yangu ya mafuta, inayochunika kama ngozi ya kitunguu. Na chini ya tabaka zote, kwenye nakshi yenyewe, tuliona duara moja lililokosewa. Bikari ilimteleza fundi, akaziba kosa kwa chokaa, akachora tena kando kidogo. Kosa lile lilikuwa limefichika zaidi ya miaka mia mbili.

Mwana wa dada, msichana wa miaka minane, alikuwa ameinama katikati yetu. Nilianza kumsimulia kama nilivyosimuliwa, kwamba nyumba hii ilijengwa na babu yake mkuu. Akaniuliza, "Mjomba, aliyabeba mawe yote peke yake?"

Nimeisimulia nyumba ile kwa wageni, kwa wanafunzi, kwa wenzangu kazini, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Mawe yalivunjwa Manda, yakapakiwa vyomboni, yakashushwa, yakabebwa. Magogo ya kuchomea chokaa yalikatwa matopeni. Sakafu ya juu, mawe na chokaa juu ya boriti, ilipigiliwa kwa siku nyingi, watu kwa safu na nyimbo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, katika miji yetu ya mawe, ilifanywa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Tunavyo vyumba vya chini, vyenye dari fupi na bila zidaka, tulivyoviita ghala. Siku moja, nikiwa mdogo, bibi alisema kwa kupitia tu kwamba zamani humo "wakilala watu". Sikuuliza watu gani. Nadhani nilijua kwamba swali hilo halikuwa na baraza la kukalia nyumbani kwetu.

Nilimjibu mtoto kwamba waliobeba walikuwa wengi, na kwamba hawakulipwa, na kwamba majina yao hatukuwekewa. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama yule aliyekosea duara alikuwa mmoja wao. Nikasema inawezekana. Dada alinitazama, kisha akamtazama mwanawe, na sikuweza kujua kama nimefanya vyema. Kuna watu katika mtaa wetu ambao nasaba zao na yetu zinagusana katika vyumba vile vya chini, na tunasalimiana kila siku, na wao pia wana haki ya kuamua lini na kwa mdomo wa nani yasemwe. Bado nalifikiria hilo. Ninachojua ni kwamba siwezi tena kuisimulia nyumba kwa maneno niliyokuwa nikiyatumia.

Tumeanza kuibandua saruji. Kazi yenyewe inatia hofu: kila patasi inapoingia, saruji hutoka na kipande cha chokaa ya zamani iliyoshikamana nayo, na nyuma yake jiwe hubaki limejeruhiwa. Zipo siku nilizomwambia yule fundi kijana aache, nikidhani tunaharibu zaidi ya nilivyoharibu. Yeye hunijibu tumuulize mwenye nyumba. Ndiyo desturi tuliyo nayo sasa, na nimeizoea polepole kuliko nilivyotaraji.

Mwenye nyumba ameamua kwamba zidaka zilizoanguka zisichongwe upya kwa sasa. Fundi alisema anaweza kuziiga, na mimi nilitaka sana aziige. Dada alisema ukuta ukauke kwanza, hata kama ni miaka. Kwa hiyo upande mmoja wa ndani una zidaka na upande mwingine ni mawe matupu ya Manda, na kile kipande kiko kabatini kwake, ndani ya kanga ileile.

Kila alfajiri, baada ya sala, huweka kiganja chake juu ya mawe yale, kama yule mzee. Wiki iliyopita alinipigia simu akasema mkono umetoka mkavu, na kwamba ameramba kidole na hakusikia chumvi. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Sina," akasema. "Ndoo uonde mwenyewe."